Aligongwa na bodaboda, sasa usiku halali na darasani anasinzia

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 9, yuko darasa la nne, aligongwa na bodaboda hapa Majengo, Moshi, miezi miwili iliyopita. Alipoteza fahamu kidogo, akalazwa, kipimo cha CT hakikuonyesha damu wala mfupa uliovunjika. Tangu hapo hapati usingizi mpaka saa tano usiku, saa nane anashtuka, darasani anasinzia. Mwalimu anasema ni uvivu. Bibi yake humpa piritoni, na kweli analala. Tuendelee nayo?

JIBU: Marahaba mama, poleni sana.

Piritoni iacheni. Ni dawa ya mzio, na kusinzia ni athari yake tu. Asubuhi mtoto anaamka dawa bado iko mwilini, anaenda kuimalizia darasani. Isitoshe, kwa aliyeumia kichwa, akilegea hamtajua kama ni dawa au ni kichwa chenyewe. Bibi simlaumu, nyumba nyingi hiyo ndiyo dawa ya kwanza kabatini.

Kipimo cha CT huona damu, mfupa uliovunjika na uvimbe. Nyuzi ndogo zilizovutika ubongo ulipotikisika ndani ya fuvu mara nyingi hakizioni. Mpangilio wa kulala na kuamka unaendeshwa na sehemu zilizo ndani kabisa ya ubongo, na hata homoni ya melatonini, ile inayopanda giza likiingia, inaweza kuvurugika. Ongeza maumivu ya kichwa na hofu ya ajali. Kwa hiyo majibu ya CT yanaweza kuwa safi na usingizi ukawa mbovu. Mwalimu aambiwe hivyo.

Sasa tupige hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Kama anaamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi shule, hizo 9 tu zinamtaka awe amelala saa mbili usiku. Wako saa mbili bado ana saa tatu za kugeuka kitandani. (Tuisheni ya jioni kwa sasa isimame, hata kama mtihani wa darasa la nne uko mbele.)

Lakini msimlazimishe kulala saa mbili kuanzia leo; atabaki anakodolea dari macho. Anzeni na saa ya kuamka: iwe ileile, Jumapili pia, na akiamka atoke nje kwenye mwanga. Kulala mchana kusizidi nusu saa, na kuwe kabla ya saa tisa. Kuanzia mchana asinywe chai ya majani, kahawa wala soda ya kola. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla ya kulala. Kisha muda wa kwenda kitandani uwahisheni kwa robo saa kila baada ya siku chache.

Kinachonishughulisha zaidi ni hiyo saa nane. Akishtuka, analia na kusimulia pikipiki? Hiyo ni hofu, na anahitaji mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Au anakodoa macho, mkono au mdomo unacheza, amejikojolea, na asubuhi hakumbuki chochote? Hicho kinaweza kuwa kifafa cha usiku. Mrekodini kwa simu, ile video itatusaidia kuliko maelezo. Anakoroma, pumzi inakatika? Hapo ni suala la pua na koo. Andikeni kwenye daftari kwa wiki mbili: alipolala, alipoamka, kilichotokea.

Shuleni ombeni asikimbie mchakamchaka wala kucheza mpira mpaka daktari aruhusu, kwa sababu pigo la pili kabla ya kupona ni hatari. Apewe pia mapumziko mafupi kati ya vipindi.

Watoto wengi walioumia kidogo hupata nafuu ndani ya wiki chache. Miezi miwili ni mingi, hivyo mrudisheni kliniki, hospitali ya Mawenzi au KCMC, na daftari lenu. Kama alipewa dawa ya kuzuia degedege msiikatishe wenyewe. Mwambieni daktari, baadhi yake huvuruga usingizi.

Ila akianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma hasa asubuhi, akipata degedege, akikosa nguvu upande mmoja au akiwa mgumu kuamshwa, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni idara ya dharura usiku huohuo.