Muulize Shangazi: Mume Mdenmark, Nyumba Malmö

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, naishi Arusha. Mume wangu ni Mdenmark wa miaka 25, fundi umeme Copenhagen. Tulifunga ndoa bomani mwaka jana. Ombi letu la kuishi pamoja kwao limekataliwa kwa kuwa sijafikisha miaka 24. Rafiki yake anamwambia ahamie Uswidi, kisha anivute huko. Mama yangu anasema huo ni utapeli. Je, njia hiyo ipo kweli?
*Mke wa Fundi, Arusha*

Marahaba mwanangu. Mwambie mama atulie. Njia ipo, ni halali, na mimi mwenyewe nimepita humo.

Sharti lililowakwamisha lilianza Julai 2002: mke na mume wote wawili wawe wametimiza miaka 24. Kuna na mengine, kama dhamana ya benki ya makumi ya maelfu ya kroner, na mume asiwe amekula msaada wa serikali kwa miaka kadhaa. Lakini hiyo ni sheria ya Denmark kwa Mdenmark aliyekaa kwao. Akihama kweli kwenda nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, anakuwa raia wa Umoja anayetumia haki yake ya kuhama, na haki hiyo anakwenda nayo pamoja na mkewe. Sheria ya Umoja haiulizi miaka 24 wala dhamana ya benki.

Tena haki hiyo hurudi naye nyumbani. Mwaka 1992 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Surinder Singh, Mhindi aliyekuwa amefanya kazi Ujerumani na mkewe Mwingereza kisha wakarudi Uingereza. Mwaka 2008, katika kesi ya Metock, ikasema si lazima mwenzi awe amewahi kuishi kihalali Ulaya kabla. Na tarehe 12 Machi 2014, katika kesi ya O na B, ikaweka wazi kipimo cha kurudi: makazi ya kweli huko mlikohamia, zaidi ya miezi mitatu, na maisha ya ndoa yaliyojengeka au kuimarika hukohuko. Kwenda wikiendi na likizo, hata ukizijumlisha, hakutoshi.

Nataka ukae na hilo neno, makazi ya kweli, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wanapoumia.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 23. Mtu mmoja aliyejiita mshauri wa uhamiaji alituchukulia kroner 8,000, akatuambia tupange chumba Malmö, mji wa Uswidi ulio ng'ambo ya Copenhagen, tubandike majina mlangoni, tuendelee kulala Vesterbro, mtaa wa Copenhagen, kwa mama mkwe. Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa karatasi. Aliweka sufuria chini akasema, "Kama mnahamia, hamieni. Nyumbani kwangu hamlali tena mpaka mje kama wageni." Nililia usiku ule, nikidhani ananifukuza.

Tukapanga vyumba viwili karibu na stesheni ya Hyllie, iliyokuwa imefunguliwa Desemba 2010. Ukitoka hapo kwa treni, kituo kinachofuata ni uwanja wa ndege wa Copenhagen, ng'ambo ya daraja la Öresund. Ukaribu huo ni neema na ni mtego. Neema kwa sababu familia iko karibu. Mtego kwa sababu kila jioni utatamani kubaki upande wa pili, na siku ya maswali huna la kuonyesha. Sisi tulilala Malmö. Tulikuwa na mkataba wa nyumba, bili za umeme, hati za mshahara za mume wangu kutoka karakana ya Malmö, kadi ya maktaba, miadi yangu ya kliniki mimba ilipoingia. Nilitunza mpaka risiti za sokoni Möllevången nilikokuwa nanunua bamia na mihogo. Afisa alipouliza tulikuwa tunaishije, nilimwekea mezani faili la vidole vinne unene.

Sasa mambo yenu. Mumeo ndiye wa kutangulia, au mwende pamoja. Mdenmark haombi kibali kuishi Uswidi, lakini lazima ajiandikishe kwa ofisi ya kodi, Skatteverket, ndiyo yenye daftari la wakazi. Wewe ombeni viza kwenye ubalozi wa Uswidi kama mke wa raia wa Umoja wa Ulaya: viza hiyo haitozwi ada na hushughulikiwa kwa haraka. Ukifika, omba Migrationsverket, idara ya uhamiaji ya Uswidi, kadi ya makazi ya mwanafamilia wa raia wa Umoja. Soma vizuri jina la fomu. Kuna kibali kingine cha kifamilia cha sheria ya Uswidi yenyewe, chenye ada na foleni yake, na nimeona watu watatu wakijaza hicho kwa kukosea.

Kuhusu kazi, akipata ajira Malmö mmeshinda nusu ya safari, na fundi umeme hakosi. Akibaki na kazi yake Copenhagen na kuvuka daraja kila siku, inawezekana, ila hapo hana mwajiri wa Uswidi wa kumtaja. Itabidi aonyeshe kipato cha kuwatosha na bima ya afya inayowafunika huko. Hali hiyo ipelekeni kwa wakili kabla hajabeba hata sanduku. Kabla, mwanangu. Wakili unayemwendea baada ya kukataliwa anafanya kazi ya kuzima moto.

Mkitaka kurudi Denmark, ombi linakwenda SIRI, ofisi ya Denmark inayoshughulikia makazi ya sheria ya Umoja wa Ulaya, si ile ofisi iliyowakataa. Ombeni mara mnaporudi, msikae mwaka kwanza. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Denmark kwenyewe, Mahakama ilikubali kwamba nchi inaweza kudai ombi la mwanafamilia liwe mwendelezo wa kurudi kwa raia wake, ingawa ni lazima ipime na mambo mengine.

Assalaam aleikum Shangazi. Mimi mzaliwa wa Lamu, raia wa Denmark tangu 2016, naishi Odense. Nataka kuhamia Ujerumani na mke wangu aliyeko Lamu. Wakala anataka kroner 15,000 taslimu, anasema anahakikisha. Nimpe?
*Mvuvi wa Zamani, Odense*

Wa aleikum salaam kaka. Usimpe. Hakuna mtu duniani anayeweza kuhakikisha uamuzi wa ofisi ya uhamiaji, na anayesema anahakikisha ameshakudanganya kwa sentensi ya kwanza.

Muulize swali moja: wewe ni *advokat*? Jina hilo linalindwa na sheria. Kila wakili wa Denmark yumo kwenye orodha ya chama cha mawakili, Advokatsamfundet, na unaweza kumtafuta kwa jina. "Mshauri" au "mtaalamu wa viza" anaweza kujiita yeyote. Hata akiwa wakili wa kweli, dai makubaliano ya maandishi: atafanya nini, kwa kiasi gani, na itakuwaje ukikataliwa. Lipa kwa benki.

Kabla ya kulipa chochote, anza na vya bure. Denmark ina *advokatvagt*, zamu za mawakili, mara nyingi kwenye maktaba au ukumbi wa mji. Unaingia, husemi hata jina, wakili anakusikiliza na kukushauri kwa mdomo. Hatakuandikia barua, lakini utatoka ukijua kama kesi yako ni ya kawaida au ina mwiba. Ipo pia jumuiya ya watu wenye ndoa kama zetu, Ægteskab uden grænser, iliyoanza wakati sheria zilipokazwa. Walionishika mkono mimi ni watu wa namna hiyo, wanandoa waliokwishapita. Na ukishahama, ofisi ya Ujerumani ikikunyima haki ya Umoja wa Ulaya, kuna SOLVIT, huduma ya bure ya kusuluhisha raia na ofisi za serikali.

Ujerumani ni chaguo zuri. Flensburg iko mpakani kabisa, na Wadenmark wamekuwa wakihamia hapo kwa sababu hii hii. Uliandika pia mwishoni mwa barua kuhusu London. London imefungwa kwa njia hii tangu kipindi cha mpito kilipoisha tarehe 31 Desemba 2020. Ukitaka nchi ya Kiingereza ndani ya Umoja, fikiria Dublin.

Hujambo Shangazi. Mume wangu ni Mdenmark, tunaishi Nyali, Mombasa. Binti yetu alizaliwa hapa, ana pasi za Kenya na Denmark. Ametimiza miaka 21 mwezi wa tatu. Anataka kwenda kusoma Aarhus akiwa na 23. Aanze lini karatasi?
*Mama Binti, Mombasa*

Sijambo dada, lakini barua yako imenishtua, maana swali la chuo si la haraka. La haraka ni uraia wake.

Sheria ya uraia ya Denmark, kifungu cha 8, inasema aliyezaliwa nje, hajawahi kuishi Denmark, wala hajakaa kwa namna inayoonyesha ana uhusiano nayo, anapoteza uraia akitimiza miaka 22. Kinga ipo kwa yule ambaye angebaki bila uraia wowote, na binti yako ana wa Kenya, kwa hiyo haimfuniki. Anatakiwa aombe kubaki na uraia akiwa ameshatimiza 21 na hajafika 22. Yaani sasa.

Mkae leo jioni, baba yake awepo. Andikeni kila safari aliyowahi kwenda Denmark kwa bibi yake: mwaka, wiki ngapi, alikaa wapi. Tafuteni mihuri kwenye pasi za zamani, tiketi, picha, barua ya shule kama aliwahi kusoma hata muhula. Kama anazungumza Kidenmark, hilo nalo lisemwe.

Usitegemee uamuzi wa Mahakama ya Umoja wa Ulaya wa tarehe 5 Septemba 2023. Huo ulihusu binti aliyezaliwa Marekani, aliyeomba akiwa ameshapita 22. Mahakama ilisema lazima mtu apewe nafasi ya haki ya kuomba na kesi yake ipimwe peke yake. Haikusema uraia haupotei. Yule binti alikuwa mahakamani miaka, na wako bado ana miezi.

Ukishatuma, niandikie nijue.