Marehemu baba amenijia ndotoni akagawa nyumba: je, tuifuate kauli yake?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Baba yetu alifariki miezi minne iliyopita, akamwacha mama na sisi watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Ameacha nyumba moja Mbagala na duka dogo. Mwezi huu nimemwota mara tatu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, daftari la duka kwapani, akiniambia: "Nyumba ni ya mdogo wako." Mtu mmoja anayeagua ndoto kwa simu alinitoza shilingi 30,000, akasema kauli ya marehemu haipingwi na tukiipuuza tutapatwa na balaa. Mke wangu naye aliota jino limemng'oka, jirani akamwambia ni kifo cha ndugu, na sasa halali kwa hofu. Tufanyeje? Msomaji, Temeke.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira.

Nyumba hiyo haigawanywi kwa ndoto, hata ungeiota mara 30. Mali ya marehemu hugawanywa kwa mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa, Aya ya 11 na ya 12, baada ya kulipa madeni yake na kutekeleza wasia wake, na hakuna mahali ambapo sheria imeweka ndoto kuwa mlango wa nne. Kujirudia kwa ndoto pia si ushahidi, ingawa najua watu wengi hapa mjini wanaamini hivyo.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi Muslim, ametueleza kuwa ndoto ni za aina tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa Shetani, na yale ambayo mtu anaizungumzia nafsi yake. Yako ni ipi? Sithubutu kukukatia, lakini mtu aliyefiwa juzi tu, ambaye kila siku kikao cha familia kinaishia kwenye nyumba ileile, si ajabu alale nayo na aamke nayo. Hata hivyo kwa hukumu ya mirathi hatuhitaji kujua, kwa sababu hata ndoto ya kweli haigeuzi fungu la mrithi.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Ni kweli kwamba ndoto njema imetajwa kuwa sehemu moja katika sehemu 46 za utume, na ni kweli kwamba Nabii Ibrahimu (A.S.) aliamrishwa ndotoni kumchinja mwanawe, lakini ndoto za Mitume ni wahyi, yaani ufunuo wa Mwenyezi Mungu, na zetu sizo. Mtu anaweza kusema kwamba adhana yenyewe ilitokana na ndoto ya Sahaba, Abdullah bin Zayd. Naam, lakini haikuwa sheria pale alipoamka. Ilikuwa sheria pale Mtume alipoithibitisha na kuamuru Bilal afundishwe maneno yake, na uthibitisho wa namna hiyo umekoma kwa kufariki kwake. Imamu Nawawi ametoa mfano mzuri: usiku wa 30 wa Shaaban watu hawakuuona mwezi, kisha mtu akamwota Mtume akimwambia kwamba kesho ni Ramadhani. Haifai kufunga kwa ndoto hiyo, wala kwa mwenye kuota wala kwa mwingine. (Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu mwezi wa hapa nyumbani na mwezi wa popote tushukuru kwamba bado hajatokea wa kutuambia ameuota.)

Tena utazame jambo hili kwa makini. Mtume amesema kwamba mwenye kumwona yeye usingizini amemwona kweli, kwa kuwa Shetani hawezi kujifananisha naye. Dhamana hiyo imetolewa kwa Mtume. Baba yako hana, na wangu hana. Ikiwa ndoto ya mwenye dhamana haifungishi watu saumu, itawezaje ndoto ya asiye na dhamana kuwanyima dada zako urithi?

Lile daftari, hata hivyo, lichukueni. Silisemi hilo kwa kuwa limeonekana ndotoni, bali kwa kuwa sheria ilishawaamuru kabla hujalala: madeni hutangulia mirathi. Mtu mwenye duka hakosi kudaiwa na aliyemletea mchele na mafuta kwa mali kauli, wala hakosi kuwadai majirani waliokopa unga. Kaeni watoto wote wanne pamoja na mama, mpitie ukurasa kwa ukurasa, na kila jina mlitafutie mwenyewe na ushahidi wake. Yanayothibiti yalipwe, aliyodai marehemu yakusanywe, yaingie katika mali ya wote.

Kuhusu nyumba, ulizeni kama mzee alimpa mdogo wako akiwa hai na mzima, mbele ya mashahidi, na mtoto akakabidhiwa. Hiyo ingekuwa hiba, na ina mjadala wake. Ikiwa hakuna, basi hata wasia wa maandishi usingetosha, kwani Mtume amesema hakuna wasia kwa mrithi, isipokuwa warithi wengine, wakiwa watu wazima, waridhie bila kushurutishwa. Kwa warithi uliowataja, na ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, mali igawanyeni mafungu 48: mama achukue 6, kila mtoto wa kiume 14, na kila wa kike 7. Kila mmoja akishalijua lake, anayetaka kumwachia mdogo wenu fungu lake amwachie kwa moyo mkunjufu, si kwa kutishwa balaa. Msimamizi wa mirathi mumwombee uteuzi katika Mahakama ya Mwanzo, ili mgawanyo usije ukapingwa baadaye.

Nibakishe nafasi kwa ajili ya mkeo. Vile vitabu vya "jino maana yake hivi, nyoka maana yake vile" vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin, mfasiri mashuhuri wa ndoto wa zamani, wanazuoni wengi hawakubali kwamba ni vyake. Ibn Sirin mwenyewe, aliyefariki Basra mwaka 110 Hijria, inasimuliwa kwamba alijiwa na watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atahiji, wa pili akamwambia atakamatwa kwa wizi, kwa sababu aliyatazama maisha ya muulizaji kabla ya kuitazama ndoto. Jirani yenu hakufanya hivyo.

Mtume amefundisha kwamba mwenye kuona ndoto ya kumchukiza apulize vijimate kushotoni mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na Shetani, ageuke ubavu mwingine, na asimsimulie mtu yeyote, basi haitamdhuru. Akiweza, ainuke aswali. Abu Salama, aliyeipokea hadithi hii kutoka kwa Abu Qatada, alikiri kwamba alikuwa akiona ndoto nzito kwake kuliko mlima, na baada ya kuisikia hakuzijali tena. Mkeo alikosea kumsimulia jirani, nawe umenisimulia mimi, kwa hiyo jino hilo sitalifasiri, wala msimpelekee mwingine.