Re: Mtoto wa la pili hajui kusoma, mama yake hakusoma. Tuisheni au bweni, na ninunue vitabu gani?

Mkuu, acha! Hapo ulipoandika "nimemwambia mama yake asimguse, amwachie mwalimu" mwili umenisisimka. Maneno hayo niliyatamka mimi, sebuleni kwangu, kwa sauti ya mtu mwenye digrii.

Mwalimu wetu wa tuisheni alikuja na shati lililonyooshwa na maneno matamu. Eti mama aliyeishia la tatu atamchanganya mtoto, na Kiswahili kikome mlangoni. Elfu sitini kwa mwezi, mwaka mzima. Jioni mke wangu alikuwa akimsimulia binti hadithi za sungura na fisi huku wakihesabu vitumbua vya kuuza kesho yake. Nikapiga marufuku. Mwalimu akiingia, yeye anahamia jikoni kama mgeni.

Binti akawa "anasoma" kitabu kizima bila kukwama. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja. Kimya. Nikampa pakiti ya sembe asome jina. Kimya. Mwaka mzima nimelipia kasuku, tena kasuku wa bei! Hela nimesamehe. Ila mama yake alipotaka kumwelekeza akajibiwa, "Mama, wewe hujui." Miaka minane, kamba za viatu anafungiwa na huyo huyo mama. Kajifunzia wapi hayo maneno? Msinitazame mimi.

Yule mwalimu nikimwona kwenye daladala nashuka, nisije nikalala polisi bure.

Aliyenizindua ni mama yangu mzazi, zao la kisomo cha watu wazima cha enzi za Nyerere. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 walitajwa kubaki kama 10 kwa 100. Mama alikaa kwenye madawati yale yale waliyokalia watoto asubuhi. Usiku kaka yangu anamsahihisha herufi, yeye anamweleza kaka maana ya neno. Nani mwalimu hapo?

Kwa hiyo shika hili moja: kitabu kipite mikononi mwa mama kila siku, dakika kumi. Mtoto asome, mama aulize, "Halafu ikawaje?" Kuuliza hakuhitaji cheti. Na iwe kwa lugha mnayogombania ugali.

Umesema mkeo anaimba kwaya. Basi kitabu cha nyimbo kipo, na maneno yake yako kichwani. Afuatishe kwa kidole, mtoto akae pembeni. Leo usiku, usingoje Jumatatu.