Mleta mada, usisaini hicho kipengele cha "majukumu mengine" kama kilivyo

Weka kalamu chini kwanza. Umeuliza kama "na majukumu mengine yoyote utakayopangiwa na mwajiri" ni tatizo, kama muda wa majaribio wa miezi sita ni sawa, na kama posho ya nyumba inajadilika kwa kodi za Dodoma za sasa. Halafu unasema afisa rasilimali watu kakutuliza kwamba hayo ni maneno ya kawaida, yamo kwenye kila mkataba. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikasaini palepale mezani kwake.

Niliajiriwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi, Kizota. Unapima gunia, unaandika kilo, unatoa tiketi, basi. Msimu ulipochanganya meneja akaniita: keshia anaumwa, kesho panda gari la Kibaigwa, utashika na hela ya kulipa wakulima. Alisema kwa mdomo tu, mbele ya dereva. Nikaenda. Keshia akapona, akabaki ofisini, na mimi nikaendelea kushika hela hadi msimu ukaisha. Nilipogusia habari ya barua, nikafunguliwa mkataba na kuonyeshwa kipengele hicho unachokiulizia.

Angalia ubaya ulipo. Napima mimi, nalipa mimi, stakabadhi naandika mimi. Anayepima na anayelipa wanatakiwa wawe watu wawili ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake. Ukiwa peke yako, upungufu wowote utakaotokea ni wako. Na mahindi yanapungua! Ukiyanunua mapema yakiwa bado na unyevu, yanakaukia ghalani na kilo zinashuka bila mtu kuiba hata punje moja. Anayenunua Kibaigwa analijua hilo, meneja wangu akiwa wa kwanza. Hesabu zilipofungwa, kilo zilizokuwepo Kizota zilikuwa pungufu ya kilo nilizolipia. Wakazidisha tofauti kwa bei ya kilo, wakaiita shoti, wakaniandikia mimi.

Kisha ikaja karatasi ya kukiri deni. "Saini tu, ni kwa ajili ya wakaguzi." Nikasaini, na hiyo ndiyo saini iliyonimaliza. Sikilizeni wote mnaosoma hapa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata hasara kiholela. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Mimi nilikatwa nusu, mwezi baada ya mwezi. Kiwanja nilichokuwa nalipia kidogokidogo kule Nala kikarudi kwa mwenyewe. Nilipokuja kujua sheria inasemaje, muda ulikuwa umeshapita: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukichelewa unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na utatakiwa utoe sababu nzito.

Yule afisa sijamsamehe. Kazi yake ni kujua sheria hizi. Alinitazama mtu mzima mwenye familia, akaniambia ni maneno ya kawaida, na siku ya makato akasema yeye anatekeleza maelekezo. Wako naye anakutuliza kwa maneno hayohayo, ndiyo maana naandika kwa hasira.

Kipengele chenyewe si haramu. Bosi kukuambia usaidie kuhesabu magunia au umshikie mwenzako zamu, hiyo ni kazi, fanya. Lakini kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na yakibadilika ashauriane nawe, ayarekebishe na akujulishe kwa maandishi. Maneno "majukumu mengine" hayafuti wajibu huo. Kwa hiyo mwombe aongeze hapo mwishoni: "yanayoendana na nafasi yake, na kwa taarifa ya maandishi". Kama anakutakia mema, hatakosa wino wa maneno hayo.

Hata akikataa, shika hili kwa mikono miwili: usipokee hela, funguo za ghala wala gari ambavyo havimo kwenye maelezo yako ya kazi mpaka kuwe na maandishi. Bosi asipoandika, andika wewe siku hiyohiyo: "Habari bosi, kama ulivyoniagiza leo, kuanzia kesho nitashika fedha za manunuzi pamoja na kupima. Naomba uthibitisho na makabidhiano ya kiasi nitakachopewa." Tuma kwa WhatsApp au barua pepe, na nakala iwe kwenye simu yako, si ya ofisi. Akikaa kimya, ujumbe upo. Akikujibu kwa ukali, huo nao utunze.

Miezi sita ya majaribio ni kawaida. La posho waliohamia karibuni watakusaidia.

Ukiletewa karatasi ya deni, usisaini. Omba nakala, omba hesabu kwa maandishi, nenda ofisi ya CMA hapa mjini wiki hiyohiyo. Na leo bandika hapa ukurasa wa maelezo yako ya kazi, ufute jina la kampuni. Nitausoma usiku huu kabla hujarudi kwao kesho.