Seli T "zinajishambulia" ubongo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea uuguzi hapa Dodoma. Kwenye kazi yangu kuhusu seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, nimeandika, "Seli T zinajishambulia ubongo wa panya." Mwenzangu ameifuta -ji-, anataka "zinaushambulia". Mbona husemwa mwili unajishambulia? Na niuite ugonjwa wa kingamwili?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ila nawe hukukosea kote.

Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo akiipulizia mizabibu dawa, kazi imefanyika. Akijipulizia, mkimbizeni zahanati. Hata hivyo twasema "amejikata kidole", maana kidole ni chake. Kwa mwendo huohuo, "mwili wa panya unajishambulia ubongo" ni Kiswahili safi: anayeshambulia ndiye mwenye ubongo. Seli T hazina ubongo. Siku zikijishambulia kweli, panya atapona!

Na majaribio yenyewe yanamtetea mwenzako. Panya wadogo wa maabara (si panya buku wale wa Morogoro wanaonusa mabomu) hudungwa vipande vya protini ya myelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, pamoja na kichocheo cha kinga. Seli T hujifunza (hapa -ji- ni halali) kuiona myelini kama adui. Hupenya hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Baada ya wiki mbili hivi mkia hulegea, kisha miguu ya nyuma hupooza. Ukizichukua seli hizo ukamdunga panya mzima wa ukoo uleule, naye huugua. Haya niambie: seli za panya huyu, ubongo wa yule, -ji- imrudie nani?

Ama "kingamwili", watu wa maabara humaanisha zile protini za damuni, kama zinazotafutwa kwenye kipimo cha VVU. Hizo hutokana na seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu. Ukiandika "ugonjwa wa kingamwili" kwa panya hawa, unamsingizia B kosa la T. Wengine huandika "kinga kujishambulia", nayo ni yaleyale ya mkulima wa Hombolo: kinga haijidhuru yenyewe, inamdhuru mwenye kinga. Mimi huandika "ugonjwa wa mwili kujishambulia". Ni refu, najua.