Mtoto amepungua kilo siku ya tano: tumpe maji ya sukari?

Swali: Mama mkunga, mimi ni papa wa mtoto wa kwanza, tunakaa Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto alizaliwa na gramu 3,100. Leo, siku ya tano, mizani imeonyesha 2,850. Mama mkwe anasema maziwa hayatoshi, tumpe maji ya sukari. Bibi yangu, yaani mama wa mtoto, naye, jioni ikifika, analia tu. Nisaidie wapi?

Jibu: Hongera, Papa. Gramu 250 kwa 3,100 ni kama asilimia 8. Mtoto mchanga hupoteza maji na ule uchafu mweusi wa mwanzo, kwa hiyo kupungua hadi asilimia 10 si ajabu. Uzito wa kuzaliwa hurudi kufikia wiki mbili. Ila 8 iko karibu na mpaka. Hesabu nepi: sasa zinatakiwa 6 au zaidi zenye mkojo kwa saa 24, na choo kiwe kimegeuka manjano. Kesho kutwa mpime tena, uchi, kwenye mizani ileile.

Maji ya sukari, hapana. Yanajaza tumbo dogo, mtoto anasinzia bila kunyonya, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua. Tazama anavyoshika: mdomo wazi kabisa, kidevu kimegusa titi, na unasikia anameza. Chuchu ikiuma, ameshika ncha tu. Mama apitishe kidole pembeni ya mdomo, amtoe, aanze upya. Anyonye mara 8 hadi 12, usiku pia.

Mama mkwe usigombane naye. Mwachie uji wa mtama, sombe ya majani ya muhogo na wale samaki wadogo, sambaza, mzazi ale ashibe. Wewe panda na bidoni za maji, fua nepi, simama mlangoni. Wageni wakijaa chumbani, mama huficha titi kwa haya huku mtoto analia njaa. Nimeyaona mara nyingi.

Machozi ya siku hizi huwapata wengi, homoni za mimba zikishuka ghafla na usingizi ukikosekana. Kaa naye, usimhoji. Yakipita wiki mbili, au akisema anataka kujiumiza au kumuumiza mtoto, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na mizani isingojwe kama mtoto anakataa titi, mwili una moto au umepoa, au manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo. Au mama analowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ana homa, au kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Hapo ni kituo cha afya, hata usiku wa manane.