Kabla hujasema mwajiri anakuibia kodi, kaa na slipu yako ya mshahara upige hesabu

Wakati naajiriwa ghalani hapa Tabora tulikubaliana 650,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ikaingia 539,000. Nikajua ni makato, nikanyamaza. Miezi saba ikapita hivyo. Siku moja tumekaa chini ya mwembe karibu na stesheni na rafiki yangu wa kampuni nyingine, mazungumzo yakafika kwenye mshahara. Wake ni 650,000 kama wangu, naye kama mimi analipia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, lakini mkononi anabakiwa na 552,000. Tofauti ni 13,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 156,000, na kwa sisi tunaolima kidogo pembeni hiyo ni hela ya mbolea.

Kesho yake niliingia ofisi ya mhasibu nikiwa nimeshahukumu. Nikasema mbele ya watu kwamba hela zetu zinaliwa. Nilikosea sana, na naandika haya kwa sababu naona wenzangu wengi wanaanza palepale nilipoanzia mimi. Hela ile hakuna mtu aliyeila. Ilikuwa imekwenda TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, yote, tena kwa wakati, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kama sheria inavyotaka. Kilichokosewa ni hesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi. NSSF inatangulia, kodi inafuata. Kwenye 650,000 unatoa kwanza mchango wako wa asilimia 10, yaani 65,000. Inabaki 585,000, na hiyo tu ndiyo inayopigiwa PAYE. Kwa madaraja yaliyowekwa Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, na daraja hilo likijaa linakuwa 20,000. Kinachozidi 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20. Mimi nilikuwa nimezidi kwa 65,000, asilimia 20 yake ni 13,000. Jumlisha: kodi yangu ni 33,000. (Wenye mishahara mikubwa, kinachozidi 760,000 ni asilimia 25, na kinachovuka milioni moja ni asilimia 30.)

Kwenye kompyuta ya mhasibu kodi ilikuwa inapigwa kwenye safu ya mshahara mzima, ile 650,000, safu ya NSSF imerukwa. Ikatoka 46,000 badala ya 33,000. Dada wa watu alinionyesha mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka safu moja hadi nyingine, akarudi mwanzo, akanyamaza. Faili hilo alilikuta, aliachiwa na mhasibu aliyemtangulia. Hata mshahara wake yeye ulikuwa unakatwa vilevile. Nilimwomba radhi siku hiyohiyo, lakini maneno niliyoyatoa mbele ya watu yalikuwa yameshatoka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni slipu. Meseji ya benki haitoshi, kwa sababu inakuonyesha kilichoingia bila kukuonyesha kilichokatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo yako na makato yake. Ukinyimwa, omba kwa barua. Ukiipata, chukua simu, fungua kikokotoo, piga hesabu kama nilivyoonyesha hapo juu, na uipige mara mbili.

Mara nyingine utakuta mwajiri yuko sahihi, na hapo ukubali. Kuna kaka mmoja pale ghalani alikataa kazi ya saa za ziada msimu wa tumbaku kwa kuamini kwamba akiingia daraja la asilimia 20, mshahara wote utakatwa asilimia 20, abaki na kidogo kuliko mwanzo. Siyo hivyo. Kiasi kinachopigiwa PAYE kikitoka 520,000 kikaenda 530,000, ile 10,000 ya juu ndiyo inayokatwa 2,000. Unabaki na 8,000 zaidi. Iliniuma sana kuona mtu mwenye watoto anaacha kazi halali kwa sababu ya maneno ya kijiweni. Posho ya nyumba na ya usafiri ya kila mwezi nazo zinaingia kwenye kodi, usigombane na mtu kwa hilo. Ila ukitumwa Nzega au Sikonge kwa kazi, ukarudishiwa gharama za safari ulizotumia, hayo si mapato yako. Na wale wa mkopo wa elimu ya juu: asilimia 15 inakatwa kwenye mshahara wa msingi, wala haipunguzi kiasi kinachopigiwa PAYE kama NSSF inavyopunguza.

Kitu ambacho hakina mjadala ni tozo ya mafunzo ya ufundi, ile SDL, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Hizo ni mzigo wa mwajiri. Ukiziona kwenye slipu yako upande wa makato, hapo umeonewa.

Sisi tuliandika barua moja, tukasaini watu wanne. Hakukuwa na neno kali hata moja. Tuliweka mshahara, NSSF, kiasi kinachobaki, kodi inayotakiwa, kodi tuliyokatwa na tofauti, kila mtu mstari wake. Afisa utumishi akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Muhuri huo msiusahau. Baada ya wiki kama mbili tuliitwa. Hesabu ikarekebishwa, mhasibu akashughulikia marekebisho na TRA, na mimi nikarudishiwa 91,000 yangu kwa awamu mbili.

Wengine hawatajibiwa vizuri hivyo. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, pitieni huko kwanza, maana mtu mmoja anatishika haraka kuliko kumi. Kwenye swali la namna kodi inavyokokotolewa, nenda ofisi ya TRA na slipu yako, watakuelekeza bila malipo. Na kama mwajiri anashikilia makato ambayo hayapo kisheria wala hukuyaridhia kwa maandishi, mahali pake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalia siku: mgogoro wa namna hii unapelekwa ndani ya siku 60, na kuchelewa kunahitaji maombi mengine na sababu za kueleweka. Mimi miezi saba ningeizungusha vipi huko, sijui.

Ukishamaliza kodi, pita NSSF uombe taarifa ya michango yako uilinganishe na slipu, mwezi kwa mwezi. Nilipofanya hivyo nilikuta miezi miwili haijaingia. Safari hii sikupandisha sauti. Nilipeleka karatasi mbili mezani kwa yule dada, slipu na taarifa, nikavuta kiti, tukaanza kuzisoma pamoja.